Picha za Vugiri na Rangi Zinazofifia



Wengi wetu tuliotoka Handeni na Korogwe tumeitazama milima ya Vugiri mara nyingi bila kujua kwamba huko zilitengenezwa baadhi ya sinema za kwanza za kuelimisha watu wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1935, kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham walianza kazi Vugiri. Mradi wao uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, nao ulikwisha mwaka 1937. Walipiga filamu 35 hivi, za milimita 16, nyeusi na nyeupe. Sauti waliitia katika santuri, ili picha ile ile isemwe Kiswahili hapa na lugha nyingine kwingine. Zilihusu safura, kahawa, ngozi, mmomonyoko wa udongo na akiba ya Posta. Wenyeji waliigiza, maneno waliyapanga wageni.

Katika filamu hizo, zinazojulikana kuwa zimebaki ni 3 tu, nazo ziko Uingereza. Jambo hili lasikitisha, kwani picha nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa chembe za madini ya fedha, nayo ikitunzwa vema hudumu miaka mingi. Kilichozipoteza si kufifia.

Filamu za rangi tulizotazama sisi zina ugonjwa mwingine. Tangu Eastmancolor ilipoanza kutumika mwaka 1950, picha nyingi zilibebwa na matabaka matatu ya rangi: manjano, wekundu wa zambarau, na buluu ya kijani. Mara nyingi buluu hutangulia kufa, hata mkanda ukiwa gizani ndani ya kopo. Joto huharakisha kifo hicho, na joto la Handeni twalijua. Ndiyo maana filamu ya zamani huonyesha mbingu, majani na nyuso za watu, vyote vikiwa vyekundu.

Rangi iliyokufa hairudishwi ndani ya mkanda. Fundi huipiga kila picha upya na kuitia katika kompyuta, kisha huikuza ile buluu kidogo iliyosalia hadi ilingane na wenzake. Filamu ya dakika 10 ina picha 14,400. Baadhi ya makampuni makubwa yalinakili kila rangi katika mkanda wake mweusi na mweupe. Hapo rangi huokolewa na weusi.

Lakini pasipo nakala hizo fundi hubahatisha. Aliyeko ng'ambo atajuaje wekundu wa udongo wetu, au kijani chenye kijivu cha mkonge wa Korogwe? Shahidi ni mtu aliyekuwapo, na mashahidi tunapungua kila mwaka.

Basi, ndugu zangu, tutazame katika stoo za shule, za misheni na za nyumbani. Ukiona kopo la filamu, usilitupe wala usiupitishe mkanda katika mashine kuukuu. Liweke mahali pakavu penye baridi. Likinuka siki, litenge na mengine, kwani mkanda umeanza kuoza. Andika karatasi: ni wapi, mwaka gani, akina nani, na nguo zilikuwa za rangi gani.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Picha za Vugiri zimekwisha hivyo. Zetu zisifuate.