Mkono Mtupu Haulambwi: Kutofungamana na Kambi katika Mchezo wa Vampire: The Masquerade

Katika michezo ya uhusika, mchezaji huvaa maleba na kutenda kama mhusika wake kwa saa kadhaa, bila jukwaa wala watazamaji. Mingi ya michezo hii huwagawa washiriki katika kambi zinazohasimiana, na mara kwa mara hutokea mchezaji anayekataa kujiunga na yoyote. Ni rahisi kumwona mwoga anayekwepa kucheza. Ni rahisi vilevile kumsifu kuwa ndiye pekee aliye huru. Makala haya yanadai kwamba mitazamo yote miwili ina kasoro moja: inachukulia kutofungamana kuwa ni kukaa nje ya mahusiano. Asiye na kambi hudumu pale tu ambapo kila kambi itapata hasara akiondoka.

Vampire: The Masquerade ni mfano ulio wazi. Ulichapishwa Marekani mwaka 1991 kama mchezo wa mezani, na mwaka 1993 ukapata kanuni za kuigizwa zilizoitwa Mind's Eye Theatre. Wahusika ni wanyonya damu wanaoishi mijini kwa siri. Kambi iitwayo Camarilla hulinda siri hiyo na kuuweka kila mji chini ya mtawala aitwaye Prince. Sabbat huipiga vita Camarilla. Anarch huasi mamlaka ya wakongwe. Nje ya hao zipo koo zinazojitegemea, kama vile Giovanni, na pia watu binafsi waitwao autarkis, wasiotambua mamlaka ya kundi lolote.

Hata hivyo, kanuni zenyewe hazimwachi autarkis apumue peke yake. Mila ya Ukarimu humtaka kila anayeingia katika mji ajitambulishe kwa Prince. Akijificha, hana wa kucheza naye. Akikaidi waziwazi, anawindwa. Ugomvi huamuliwa kwa jiwe, karatasi na mkasi, na sare inapotokea sifa za wahusika hulinganishwa. Mmoja akizingirwa na watano, bahati haimfikishi mbali.

Kinachomwokoa ni madeni ya fadhila. Tumchukue mhusika wa aina hii akiingia Elysium, mahali ambapo fujo zimepigwa marufuku. Anamjua mfuasi wa Camarilla aliyehatarisha siri ya wote. Akimpelekea Prince habari hiyo bure, amejifanya mtumishi. Akiwapa Anarch, amejifanya mshirika wao. Akimtunzia mkosaji siri, kisha siku nyingine akampitisha salama mjumbe wa Anarch, ana wadeni wawili katika kambi mbili. Fadhila hupangwa kwa viwango, kuanzia ile ndogo hadi ya uhai, na wahusika waitwao harpy huzifuatilia. Anayekana deni huvunjiwa heshima hadharani.

Hata hivyo, kudai peke yake hakutoshi, kwa kuwa mdeni hunufaika mdai wake akifa. Kwa hiyo mwerevu hukopa pia: anayemdai fadhila kubwa atataka abaki hai mpaka ailipe. Madai humpa ushawishi. Madeni humpa walinzi. Hapa ndipo hoja ya mwanasosholojia Georg Simmel ya mwaka 1908 inapopata uzito. Alionyesha kwamba mtu wa tatu anaweza kuwapatanisha wawili, kufaidi ugomvi wao, au kuwachonganisha. Nafasi zote tatu zinahitaji awe karibu na pande zote mbili.

Pingamizi kubwa linatoka nje ya hadithi. Waandaaji hupenda kupitisha visa kwenye kambi, kwa kuwa habari ikimfikia kiongozi huenea kwa wafuasi wake. Asiye na kambi hukaa usiku kucha bila kisa. Dawa inayokuja haraka ni kuwaundia wasio na kambi kundi lao, lakini likishapata kiongozi, makao na siri zake, hilo nalo ni kambi. Giovanni ni ushahidi. Katika historia ya kubuni ya mchezo, ukoo huo uliahidi mwaka 1528 kutoingilia siasa za wanyonya damu wengine, ila ndani yake wakubwa huwabana vijana kuliko Prince wengi wanavyowabana raia wao. Uhuru wa ukoo haukuwa uhuru wa mwanaukoo.

Dawa bora ni kuandika visa vyenye pengo: Camarilla ipewe nusu ya habari, Anarch nusu nyingine, na pande hizo zisiweze kukutana bila mpatanishi. Hapo asiye na kambi anapata kazi bila kupewa bendera. Mchezaji naye ana wajibu wake, kwani mkono mtupu haulambwi: aje na ujuzi, siri au njia ambayo wengine hawana. Kabla ya mchezo kuanza, msimamizi amwulize maswali mawili tu: nani unamdai, na nani anakudai? Majibu yakitoka katika kambi tofauti, mhusika huyo anafaa kuruhusiwa. Yasipokuwepo, mchezaji arudishwe akamwandike upya.