Bwawa la samaki na wakazi wa mchangani: yupi abaki, yupi aondolewe

Wafugaji wa samaki wa Ngara na Biharamulo huzungumza sana juu ya vifaranga na chakula, lakini chini ya bwawa, kwenye mchanga na tope, kuna viumbe wengine wanaoishi humo bila kununuliwa. Wapo konokono, minyoo, kome na viluwiluwi vya wadudu. Baadhi yao hulisha samaki na kusafisha bwawa, na baadhi huweza kuleta kichocho nyumbani. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuwatofautisha.

Kwanza, maji yako ni ya aina gani?

Watu wanaofuga samaki wa baharini kwenye matangi ya kioo huweka mchanga chini, kisha huchagua viumbe wa kuusafisha. Jongoo bahari, kwa mfano, humeza mchanga, huchukua mabaki ya chakula yaliyomo na kuutoa ukiwa safi. Kiumbe huyo hawezi kuishi kwenye bwawa la Rulenge au Nyakahura. Maji ya bahari yana chumvi ya takribani gramu 35 kwa kila lita moja, na mwili wake umezoea hali hiyo. Ukimtia kwenye maji baridi atakufa, na kumwaga chumvi ya jikoni bwawani hakutamsaidia bali kutaua samaki wako. Kwa hiyo sisi wa maji baridi tuangalie viumbe wa maji baridi.

Wanaofaa

Viluwiluwi vyekundu vinavyofanana na vipande vya uzi ni watoto wa wadudu warukao, jamaa za wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Hukaa kwenye tope, hula mabaki, na perege na kambale huwapenda. Huna haja ya kuwatafuta. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi kidogo ya ng'ombe au kuku huwavuta wenyewe.

Kome huchuja maji na kula vijimea vidogo vilivyomo. Minyoo midogo ya topeni nayo huvunja mabaki ya chakula, kisha huliwa na samaki.

Yupo pia konokono mwembamba mrefu, mwenye umbo la pia iliyochongoka. Mchana hujifukia mchangani, usiku hutoka kutafuta chakula. Akifukua hivyo mchanga haugandi wala kutoa harufu mbaya. Jike mmoja tu, hata bila dume, anaweza kujaza tangi zima, kwa hiyo mwenye tangi dogo la kioo aanze na wachache.

Wa kuogopwa

Kichocho husafiri kupitia konokono wa maji baridi wa aina mbili. Wa kwanza ni bapa, amejikunja kama kamba iliyoviringwa sakafuni. Huyu hubeba kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria. Wa pili ni mdogo mwenye ncha fupi, na hubeba kichocho cha mkojo.

Kuna na wa tatu, anayefanana na huyo wa pili. Huyu hubeba mnyoo bapa wa ini anayedhoofisha ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Namna ya kuwatambua

Chota tope kwa chujio lenye mpini mrefu. Usitie mkono mtupu majini, vaa glavu. Kisha angalia mambo matatu.

1. Je, ana kifuniko? Konokono mwenye kifuniko kigumu cha kufunga mlango wa gamba habebi kichocho hapa Afrika. Yule mrefu wa mchangani anacho. Asiye na kifuniko mshuku.
2. Je, ni bapa? Kama hana kifuniko na amejikunja bapa, mhesabu kuwa wa kichocho cha tumbo.
3. Mlango uko upande gani? Shika gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango ukiwa kushoto, mshuku kwa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia na hana kifuniko, wahofie mifugo wako.

Konokono hazaliwi na kichocho. Hukipata pale kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa unapoingia majini. Baada ya wiki kadhaa huanza kutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hasa mchana wa jua. Choo bora, kilicho mbali na bwawa na mfereji wake, hukata safari hiyo.

La kufanya bwawani

- Ng'oa nyasi na magugu ya kingoni. Konokono hutaga mayai humo.
- Weka wavu wa matundu madogo pale maji yanapoingia.
- Unaponunua vifaranga, usimwage bwawani maji na majani waliyokuja nayo.
- Usihamishe konokono wala magugu kutoka ziwani au mto Ruvubu.
- Bata hula konokono. Waachie kingo.
- Baada ya kuvua, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, ondoa tope la juu, kisha nyunyiza chokaa. Siku chache za jua hazitoshi, kwani konokono hawa huweza kujificha topeni kwa wiki nyingi wakingoja maji.
- Usimwage dawa ya kuua konokono bwawa likiwa na samaki. Itaua na samaki.
- Ukiingia bwawani vaa buti ndefu za mpira, na usiwaache watoto waogelee humo.

Ukiona dalili

Damu kwenye mkojo au choo, tumbo kuuma mara kwa mara, kuharisha kusikoisha, au tumbo la mtoto kuvimba: nenda zahanati au kituo cha afya upimwe. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya praziquantel, na kipimo hutegemea uzito wa mgonjwa. Vidonge huua minyoo iliyomo mwilini, lakini havizuii maambukizi mapya. Ukitibiwa leo na kurudi kesho kwenye bwawa lilelile bila buti, utaugua tena.

Kabla ya kupandikiza vifaranga msimu ujao, chota tope mara tatu katika pembe tofauti za bwawa, uhesabu wenye kifuniko na wasio nacho. Ukikuta wasio nacho, mwite ofisa uvuvi wa wilaya au ofisa mifugo wa kata aje kuona kabla hujafungulia maji.