Saa ya Baba, Juu Njombe na Chini Manda

Baba alirudi Manda, kwetu kando ya ziwa, kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo. Kila alfajiri, kabla ya kwenda ziwani, alizungusha kifundo cha ubavuni kwa kidole gumba, kisha akaisogeza saa sikioni. Pale Manda ilichelewa. Akipanda Njombe, ilikimbia. Wazee wenzake walisema imezoea baridi ya Ulaya, na nilipokuja kujifunza ufundi nikaona hawakuwa mbali na ukweli.

Ndani ya saa mna gurudumu dogo linalocheza kushoto na kulia, limeshikwa na springi nyembamba kama unywele. Saa nyingi za zamani zilipiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Springi ya chuma cha kawaida hulegea ikipata joto, na kila nyuzi moja inaweza kula sekunde 10 hivi kwa siku. Sasa fikiri: Njombe kwenye baridi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa letu lenye joto halifiki hata mita 500. Mswisi Charles Édouard Guillaume alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa aloi zake za nikeli, na ndizo zilizozaa springi isiyojali sana joto. Saa ya baba haikuwa nayo.

Nilianza kazi Makambako mwaka 1978, miaka miwili baada ya reli ya TAZARA kukabidhiwa. Treni ilitufundisha kuuliza dakika. Aliyekwenda Zambia alirudisha mshale saa nzima akivuka Tunduma, na wengi walikivuta kifundo kwa nguvu hadi kikang'oka.

Kibandani nilikuwa na lenzi ya jichoni, vibanio viwili na glasi ya kunywea maji. Glasi ilikuwa muhimu kuliko vyote: niliifunika juu ya mashine iliyofunguliwa, maana vumbi la barabara halikusubiri. Baada ya kusafisha na kutia mafuta, niligusa kimshale kilichosimama kati ya herufi A na R, za maneno ya Kifaransa ya kuwahi na kuchelewa. Nilikisukuma kwa ncha ya sindano, kidogo sana. Kisha nikangoja mlio wa Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kesho yake tena. Sikumrudishia mtu saa kabla ya siku tatu.

Uswisi, tangu 1973, taasisi ya COSC huipima saa siku 15, katika mikao mitano, kwenye nyuzi 8, 23 na 38. Wastani wake usichelewe zaidi ya sekunde 4 kwa siku, wala usikimbie zaidi ya 6. Mimi niliahidi nusu dakika, na kwa mkono unaolima na kupasua kuni hiyo ni kazi ya heshima: sekunde 30 katika 86,400.

“Kamwene, fundi. Mbona bado inakimbia?”

“Ukilala unailazaje, baba?”

“Kifudifudi.”

“Leo isimamishe kwa ubavu.”

Mara nyingi hilo lilitosha.

Ile ya baba sikuirekebishia Makambako. Niliishusha hadi Manda, nikaipima huko huko kwenye joto lake, usiku tatu mfululizo, na redio ya jirani. Usiku wa nne ilipishana na mlio kwa sekunde 15. Baba aliisikiliza sikioni, akaivaa.