Deni Lililokuwa Chini ya Mashua

Mwaka niliostaafu, mpwa wangu alinijia: “Mjomba, mashua imekuwa nzito, inakula petroli. Nikopeshe ninunue mashine kubwa.” Nilikuwa tayari kutoa kiinua mgongo changu. Nahodha mmoja mzee akatuzuia: “Mwalimu, ipandisheni pwani kwanza.” Chini tulikuta mwani na magamba tele. Tukaikwangua, tukaipaka rangi. Mashine ile ile ikakimbia, na petroli ikabaki.

Miaka ya 1870, huko Torquay, Uingereza, William Froude alivuta mbao majini, nyingine laini, nyingine zimepakwa mchanga, akapima jinsi ukwaruzo unavyokizuia chombo. Wazee wetu nao walipaka majahazi deheni ya shahamu na chokaa.

Msuguano niliufundisha ubaoni miaka mingi. Pwani nilikuwa mwanafunzi.