Magari-nyumba makubwa ya kifahari

Gari-nyumba kubwa la kifahari ni gari linalokwenda kwa injini yake lenyewe, lililojengwa juu ya chesi nzito ya basi au lori, na ambalo ndani yake mna chumba cha kulala, sebule, jiko, choo na bafu. Soko lake kuu ni Marekani na Kanada. Makubwa kabisa hufikia urefu wa futi 45, yaani takriban mita 13.7, na uzito wa tani 20 hadi 25 yakishapakiwa. Mengi huundwa katika miji midogo ambayo watu wengi wangepita bila kuitambua: Nappanee na Middlebury katika jimbo la Indiana, Red Bay katika Alabama, Nacogdoches katika Texas, na Miami ya Oklahoma. Yale ya bei ya juu zaidi huanza kama bodi tupu ya basi la Prevost kutoka Sainte-Claire, Quebec, kisha hukabidhiwa mafundi kama Marathon Coach wa Oregon ili waweke nyumba ndani yake. Bei ya gari la kiwandani la daraja la juu hupita dola milioni 1, na ya Prevost iliyokamilika huweza kupita milioni 2. Makala haya yanashikilia kwamba mabadiliko makubwa ya muundo wa magari haya hayakuletwa na safari, bali na maegesho. Mnunuzi hutafuta nyumba inayoweza kuhama, na kila ilipobidi kuchagua kati ya wepesi barabarani na raha mahali gari liliposimama, kwa jumla amechagua raha.

Mambo hayakuanza hivyo. Julai 1963, wenye mabasi waliyoyageuza kuwa nyumba kwa mikono yao walikusanyika Hinckley, jimbo la Maine, kutazama kupatwa kwa jua, na hapohapo wakaunda chama chao, Family Motor Coach Association. Kwa watu wale, gari lilikuwa basi kwanza na nyumba baadaye. Miaka 10 baada ya hapo kampuni ya General Motors ilileta GMC Motorhome, pengine jaribio bora kuliko yote la kulitengeneza gari-nyumba kama chombo cha safari: injini ilizungusha magurudumu ya mbele, sakafu ilikaa chini karibu na ardhi, magurudumu ya nyuma yalibebwa na springi za upepo, na umbo lake lilikata hewa vizuri. Yaliundwa takriban 13,000 tu, na mwaka 1978 uzalishaji ukasimama. Ni kweli kwamba bei ya mafuta na mipango ya kampuni yenyewe vilichangia, kwa hiyo kifo chake peke yake hakithibitishi kitu. Kinachosema zaidi ni kilichokuja kushika nafasi yake. Sakafu haikubaki chini. Ilipandishwa juu ya mabuti makubwa ya mizigo. Injini kwenye magari ya bei ghali ilihamia nyuma, na dizeli ikachukua nafasi ya petroli. Kisha mwaka 1990 kampuni ya Newmar ya Nappanee ikaanza kuyawekea magari-nyumba chumba cha kuchomoza, na sura ya biashara nzima ikabadilika.

Chumba cha kuchomoza ni sehemu ya ukuta pamoja na samani zake, kwa mfano kochi, meza ya kulia au kitanda, ambayo hukaa ndani gari likitembea na kusukumwa nje kwa mota za umeme au haidroliki likishaegeshwa. Sababu ya kubuniwa kwake ni ya kisheria kama ilivyo ya kifundi. Barabarani, upana wa bodi hukomea inchi 102, yaani mita 2.59, na majimbo mengi hayaruhusu urefu wa kupita futi 45. Mtengenezaji aliyekwisha kuifikia mipaka hiyo hana pa kuongezea nafasi gari likiwa mwendoni. Anaweza kuiongeza pale tu sheria ya barabara inapokoma, yaani kwenye maegesho. Leo gari kubwa huwa na vyumba vya namna hiyo vitatu au vinne, na katika mengine upande mzima wa kushoto husogea nje kama kipande kimoja. Gharama yake si ndogo. Ukuta uliokatwa hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hurudishwa kwa chuma kingine. Mota na reli huongeza uzito. Na mipira inayoziba ukingo huzeeka, ikaanza kupitisha maji na vumbi. Kila moja ya kasoro hizi inaliharibu gari kama gari. Wanunuzi wamezikubali zote kwa ajili ya nafasi ya kupishana sebuleni bila kugusana mabega.

Friji inaonyesha jambo hilohilo kwa karibu zaidi. Kwa miongo mingi magari-nyumba yalitumia friji ya amonia isiyo na kompresa, inayotokana na uvumbuzi wa wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Friji hiyo ilimfaa msafiri: inawaka kwa gesi ya mtungi, haihitaji umeme mwingi, na inaweza kukaa porini siku kadhaa. Lakini ni ndogo, inapoa polepole, na inataka gari lisimame sawasawa ili ifanye kazi ipasavyo. Katika magari ya kifahari imeondolewa, na mahali pake pamewekwa friji ileile ya milango miwili inayouzwa kwa ajili ya jiko la nyumbani, yenye mashine ya kutengeneza barafu. Uamuzi huo mmoja umevuta mengine mengi. Friji ya kompresa inakula umeme saa zote, kwa hiyo zinahitajika inveta na betri nyingi. Betri za asidi ni nzito na hazipendi kuishiwa chaji, kwa hiyo zimekuja za lithiamu. Betri zinataka kuchajiwa, kwa hiyo paneli za sola zimetandazwa juu ya paa na jenereta ya dizeli imefungwa mbele. Umeme ukishakuwa mwingi kiasi hicho, gesi haina kazi tena. Jiko limekuwa la umeme, na maji pamoja na sakafu ya vigae hupashwa moto na boila inayotumia dizeli ya tangi lilelile la injini. Gari lililokuwa na uwezo wa kujitegemea porini sasa linapendelea kuchomekwa kwenye nguzo ya kambi yenye ampea 50 kwa nyaya mbili za volti 120, jumla ya wati 12,000.

Tabia za wamiliki zinalingana na ushahidi huu wa vifaa. Ingawa urefu ungetosha kulaza familia kubwa, ramani ya kawaida ya ndani ina chumba kimoja tu cha kulala, chenye kitanda kipana, bafu kamili nyuma, na choo cha pili katikati kwa ajili ya wageni. Wenye magari haya wana msemo wao kwamba nafasi inatosha watu sita kunywa, wanne kula na wawili kulala. Mnunuzi wa kawaida ni mume na mke waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, na wengi wao huhamia kusini majira ya baridi, wakakaa Florida, Texas au Arizona kwa miezi. Nyuma ya gari kubwa hukokotwa gari dogo, mara nyingi Jeep, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Hilo dogo ndilo la kwenda sokoni, kanisani na kutembelea mandhari. Kubwa linabaki limeegeshwa. Ubavu wake wa kulia, penye mlango, turubai la kivuli na televisheni ya nje, umekuwa baraza la nyumba. Huko Indio, California, kuna maeneo yanayopokea magari ya daraja hili tu, ambako wamiliki hununua kiwanja na kukijengea jiko la nje na bustani. Hata sheria ya kodi ya Marekani inalitambua gari lenye mahali pa kulala, pa kupikia na choo kuwa makazi, hivi kwamba riba ya mkopo wake inaweza kupunguzwa kwenye kodi kama ile ya nyumba ya pili, masharti yakitimizwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wamiliki hawa hulipia sana vitu vya barabarani. King Aire ya Newmar ina injini ya Cummins ya nguvu za farasi 605, magari ya daraja lake yana springi za upepo na ekseli ya tatu, na wapenzi wa Prevost hujivunia bodi ya chuma cha pua iliyoundwa kwa ajili ya mabasi ya masafa marefu. Hoja ni nzito, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni deni linalolipwa kwa nyumba iliyo juu ya chesi. Vigae, kaunta za mawe, mashine ya kufulia na maji yanayoweza kufikia lita 400 haviwezi kupandishwa milimani na injini ndogo, wala kubebwa salama na ekseli mbili. Hata Prevost, ambayo sifa yake ni uimara wa basi, leo huuza bodi zenye vyumba vya kuchomoza hadi vinne. Kuna dai moja la kweli la wasafiri: kwamba vyumba vikiwa vimefungwa, choo na friji vifikike wakati wa kupumzika njiani. Watengenezaji wamelisikia, lakini wamelitimiza kwa kupanga upya samani, si kwa kupunguza vyumba.

Pingamizi la pili ni kwamba wamiliki hawakuchagua. Wauzaji ndio waliochagua, kwa sababu sebule pana na taa za kung'aa ndizo zinazomvutia mteja kwenye maonyesho, ambako hakuna anayeendesha. Hili lina ukweli hasa kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Lakini soko hili linategemea sana wanaorudi kununua gari la pili na la tatu, watu wanaojua mipira inayovuja na friji inayomaliza betri. Isitoshe, limewahi kupitia mtihani mkali. Mwaka 2009 Fleetwood na Monaco, majina makubwa kabisa ya biashara hii, zilifilisika. Kama muundo huu mzito ulikuwa hila ya wauzaji tu, hapo ndipo palipokuwa mahali pa mtu kuingia na gari jepesi la kifahari na kuliteka soko. Waliobaki, wakiwamo Newmar na Tiffin, waliendelea na njia ileile. Tiffin ina kambi karibu kabisa na kiwanda chake cha Red Bay, ambako wamiliki huja kupanga foleni ya matengenezo, wakieleza yanayowakera mbele ya waliounda gari. Baadaye kampuni kubwa ziliona thamani ya njia hiyo: Winnebago ilinunua Newmar mwaka 2019, na Thor Industries ikanunua Tiffin mwaka 2020.

Pingamizi la tatu linaelekeza macho kwa vijana wanaopendelea vani za Mercedes-Benz Sprinter, na kwa Ulaya, ambako magari ni mafupi zaidi. Mifano hii inaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Anayethamini mwendo huondoka katika daraja hili. Habaki humo akidai gari kubwa jepesi. Kampuni ya Volkner ya Wuppertal, Ujerumani, huunda magari marefu ya kifahari yenye gereji tumboni, ambamo gari dogo la michezo huingizwa ubavuni kwa jukwaa. Ni jibu kwa mazingira ambayo kukokota gari zima nyuma si mazoea rahisi kisheria. Haja yenyewe ni ileile ya Florida: kubwa lisimame, dogo litembee.

Gharama ya uchaguzi huu ni mahali penyewe pa kwenda. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, Montana, haipitishi gari linalozidi futi 21 kwenye sehemu yake ya milimani, yaani chini ya nusu ya gari la futi 45. Handaki la Zion, Utah, lililofunguliwa mwaka 1930, halikuchimbwa kwa vipimo hivi, na kambi nyingi za hifadhi za taifa zina viwanja vifupi mno. Kwa hiyo mnunuzi anayeota kuizunguka nchi nzima kwa gari-nyumba kubwa anapaswa kujiuliza atakaa wapi kabla ya kuuliza litakwenda kasi gani. Kama nyumba, ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Kama gari la safari, limezidiwa na vani ya robo ya bei yake.