Moto wa Mvuke Chini ya Kilimanjaro

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipowasili Moshi mwaka 1911, iliuletea mji moto wa namna mpya, usiopika chakula wala kufua chuma, bali uliochemsha maji ndani ya boila hata mvuke wake ukasukuma magurudumu. Magarimoshi yale yalichoma kuni, na tanuri la kuni halina hikima nyingi: wavu wa chuma wa kulazia magogo, njia ya hewa chini yake, na mtu mwenye mikono imara. Walakini kuni hutoka msituni, na msitu wa Kilimanjaro ndio unaoilisha mito. Wala si bure kwamba mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, ili Wachagga wapate kuni na mbao pasipo kuugusa msitu wenyewe.

Baada ya kuni, mafuta mazito ya kuchomea boila yalikuja na masharti yake. Mafuta hayo, yakiwa baridi, hujikokota kama asali, basi sharti yapashwe moto kwanza, kisha yasukumwe katika tundu jembamba la kichomeo, au yapasuliwe kwa mvuke, yatoke kama ukungu. Yasipopata joto la kutosha hudondoka, mwali ukaramba kuta, na bomba likatoa moshi mweusi, ambao ni fedha ya mwenye kiwanda inayopotea hewani.

Lakini mafunzo makubwa kupita yote yako Arusha Chini, ambako kampuni ya Kidenmaki ya A.P. Møller ilianzisha shamba la Tanganyika Planting Company, yaani TPC, mwaka 1930, na sukari ya kwanza ikatoka mwaka 1936. Kiwanda cha sukari hujizalia kuni zake, kwani aghalabu zaidi ya robo ya uzito wa muwa hubaki kuwa makapi baada ya kukamuliwa. Ukiyafumbata makapi hayo utahisi unyevu, maadamu takriban nusu yake ni maji. Tena ni nyuzi, si kimiminika, basi kichomeo cha mafuta hakiyawezi. Tanuri za kale ziliyarundika juu ya wavu, kuta za matofali yaliyoiva kwa joto zikiyakausha kabla hayajashika moto. Tanuri za baadaye huyarusha kwa upepo, chembe nyepesi zikaungua zingali angani, na nzito zikamalizikia chini. Mvuke huzungusha mitambo ya umeme kwanza, kisha huchemsha maji ya miwa.

Kwa insafu, kuchoma makapi ndio uchaguzi bora uliopata kufanywa katika nchi hii ya mlima, kwani miwa ya TPC hunyweshwa maji ya Weruweru na Kikuletwa, na kiwanda ambacho kingelikata msitu ili kipate moto kingelijikatia maji yake chenyewe. Leo TPC hujitosheleza kwa umeme wa makapi, na ziada huliuzia shirika la umeme, TANESCO. Nawe unayekusudia kununua boila, usiulize bei ya kichomeo kabla hujajua utachoma nini, kina unyevu kiasi gani, na kitapatikana mwaka mzima au msimu tu.