Kiapo cha Pereyaslav

Tangu majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wabishanao juu ya vita hivyo hawakawii kurejea hadi mji wa Pereyaslav, Januari 1654. Huko Bohdan Khmelnytsky, jemadari wa Wakosaki, aliyekuwa akipigana na dola ya Polandi tangu 1648, alijiweka chini ya himaya ya mfalme wa Moscow. (Himaya ni neno ambalo Zanzibar nayo ililionja mwaka 1890.) Wakosaki walimtaka balozi Buturlin naye aape, kwa niaba ya bwana wake, kwamba haki zao zitalindwa. Buturlin akakataa katakata: mfalme hawaapii raia zake. Basi wakaapa wao peke yao.

Kwa Wakosaki wengi huo ulikuwa mkataba, na mkataba waweza kuvunjika. Kwa Moscow ulikuwa utii wa daima. Mwaka 1954 serikali ya Kisovieti iliadhimisha miaka 300 ya tendo hilo kwa jina la muungano, na mwaka huo huo Krimea ikahamishiwa Ukraine. Naye Putin, katika makala yake ya Julai 2021, alishikilia kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja.

Nami hustaajabu kuona 1654 ikitajwa mno kuliko tarehe 1 Desemba 1991, siku Waukraine walipoulizwa wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walikubali kujitawala. Na hata huko Krimea waliokubali walizidi nusu.